Sanamu za udongo za wafinyanzi wa mwanzo wa London: jinsi ya kukusanya bila kuliwa pesa

Ukishika sanamu ya udongo kwenye meza ya muuzaji usikimbilie kusoma jina lililochorwa chini. Igeuze taratibu, ishike kiwiliwili sio shingo wala mkono, washa tochi ya simu uchungulie ndani. Ukiona mabonde ya vidole gumba, ukuta mnene huku mwembamba kule, mikwaruzo ya kijiti, endelea kuangalia maana hapo kuna mtu alikaa na udongo akaufinyanga mwenyewe. Ukiona ndani ni laini kama kikombe cha dukani, unene sawasawa kila mahali, na ubavuni kuna kamstari ka mshono, hiyo ilimiminwa kwenye kalibu, yaani umbo tupu la plasta la kunakilia. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri na zote zinaweza kuwa na jina kubwa, ila sio kitu kimoja na bei yake haitakiwi iwe moja, na mimi pauni zangu 350 za mwanzo zilipotea kwa sababu hiyo hiyo, nilisoma jina kwanza.

Naongelea wafinyanzi wa Uingereza, hasa London, wale wa mwanzo waliofanya kazi kwenye studio zao wenyewe badala ya viwandani, kuanzia 1873 mpaka Vita Kuu ya Pili hivi. Niko huku miaka kumi na kitu sasa, nakusanya kwa mshahara wa kawaida, kwa hiyo huu ni mwongozo wa mtu wa kawaida. Mi nimekulia Kyela, vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe vilikuwa vitu vya kila siku nyumbani, na mama akienda kuchagua chungu sokoni anaingiza mkono ndani anazungusha vidole kabla hata hajauliza bei. Nimekuja kuelewa baadae sana kwamba pale alikuwa ananifundisha.

1. Wajue watu wenyewe

Anza na ndugu wanne wa familia ya Martin: Robert Wallace, Charles, Walter na Edwin. Walianza Fulham mwaka 1873, 1877 wakahamia Southall kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha sabuni, pembeni ya mfereji. (Southall hii hii ambayo baadae Wahindi wengi waliotoka Nairobi na Kampala walikuja kuhamia, kwa hiyo usishangae ukienda kutafuta historia ya ufinyanzi ukakuta mzee anakujibu kwa Kiswahili.) Robert Wallace alikuwa mchonga mawe kabla ya hapo, alishafanya kazi ya kuchonga kwenye jengo la Bunge pale Westminster, na ukiangalia sanamu zake unaona kabisa mkono wa mtu wa patasi, anakata, hapapasi. Walter alikuwa wa gurudumu na tanuri, Edwin alikuwa wa kuchora samaki na maua juu ya vyombo, Charles akakaa dukani, Brownlow Street huko Holborn.

Sanamu zao maarufu ni ndege. Watu huku wanawaita ndege wa Wally, kutokana na jina Wallace. Ni mitungi ya kuwekea tumbaku, kichwa kinatoka ndo mfuniko wenyewe, na sura zao ni za binadamu kabisa, jaji amevimba, padri anakukata jicho, mzee anajua siri yako. Mbali na ndege kuna jagi zenye sura ya mtu, kuna viumbe vya ajabu ajabu, na kuna vishetani vidogo vinavyopiga ala za muziki, hivyo vinaenea kiganjani.

Mwisho wao unaniuma kila nikiusimulia. Charles alizipenda kazi za ndugu zake kiasi kwamba nzuri zaidi alikuwa hataki kuuza, anazificha chini ya sakafu ya duka. Mwaka 1903 duka likaungua. Hakupona tena kichwani, akafariki 1910, Walter akafuata 1912, Edwin 1915, na Robert Wallace akabaki mpaka 1923. Mwanae Clement alijaribu kuendeleza baadae ila hazina moto ule, na ukiziona pembeni ya kazi za baba yake hutahitaji mtu akuambie.

Kundi la pili ni la Chelsea na jirani zake, kuanzia miaka ya 1910 na hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Charles Vyse na mkewe Nell, walianza Chelsea 1919, sanamu zao ni za watu wa mitaani London, muuza lavenda, mama wa maputo, muuza tulipu. Harry Parr naye Chelsea. Harold na Phoebe Stabler walikuwa na tanuri lao Hammersmith. Na Stella Crofts, aliyezaliwa 1898 akafariki 1964, huyu alikuwa anakaa bustani ya wanyama ya London anachora, alafu anarudi kufinyanga swala, twiga, dubu, makundi ya mama na watoto. Nampenda sana huyu dada. Twiga wake anainama kwa mtoto vile vile anavyoinama twiga, miguu ya mbele ikijitanua kidogo, na sisi tuliowaona porini tunajua hilo sio jambo la kubuni mezani.

Pia kuna George Tinworth, alizaliwa 1843 mwaka mmoja na Robert Wallace na walisoma wote chuo cha sanaa Lambeth. Yeye alifanya kazi Doulton, kiwanda, lakini panya wake wadogo waliovaa nguo na kupiga muziki walianza na mkono wake mwenyewe, kwa hiyo wakusanyaji wengi wanawaweka kwenye rafu moja na hawa, na mimi nakubali.

2. Nenda ukaangalie bure kabla ya kutoa hata senti

V&A (makumbusho ya Victoria and Albert) pale South Kensington kiingilio ni bure, kumbi za ufinyanzi ziko juu kabisa, panda tu. Nenda siku ya kazi asubuhi pakiwa patulivu. Usipite pite, chagua vitu viwili ukae navyo nusu saa kila kimoja, zunguka kabati, chuchumaa uangalie kutokea chini, angalia wapi glezi (ile ngozi ya kioo juu ya udongo) imechuruzika na wapi imekusanyika. Kama uko mbali, katalogi yao iko onlaini na picha unaweza kuzikuza. Nyumba za minada nazo zina siku za maonyesho kabla ya mnada, hapo ndo pazuri zaidi kwa sababu unaruhusiwa kushika, unaomba tu mhudumu akufungulie. Hakuna mtu atakuuliza una pesa kiasi gani. Mi nilienda miezi minane bila kununua chochote na ile miezi minane ndo imenisaidia kuliko kitabu chochote.

3. Jifunze kusoma mkono

Hapa usiwe na haraka.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwenye sanamu hizi huo sio msemo tu, unauona kwa macho. Udongo ukiwa mbichi kijiti kikipita kinasukuma udongo pembeni, kunabaki kingo ndogo imeinuka kila upande wa mstari, ukipitisha ukucha unaisikia. Ukiwa umeanza kukauka, ule ugumu wa jibini, kijiti hakisukumi tena, kinakata, na mstari unakuwa mkali msafi. Mfinyanzi mzuri anacheza na hali zote mbili: mwili anaujenga mbichi, manyoya na kope anazikata baadae. Kwenye ndege wa Martin utaona manyoya ya kifua yamekatwa moja moja na hakuna mawili yanayofanana, na mdomo una uzito wake, chini yake kumechimbwa ndani.

Huko kuchimba ndani ndo kipimo changu kikubwa. Kalibu ya plasta inafunguka vipande, kwa hiyo kitu kilichotoka kwenye kalibu hakiwezi kuwa na sehemu iliyojificha sana chini ya nyingine, kitakwama. Angalia chini ya kidevu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, chini ya pindo la nguo. Kama kumechimbwa kweli kweli, aidha kumefinyangwa kwa mkono au kile kipande kimeunganishwa baadae, na kama kimeunganishwa tafuta kiungo, utaona pamepapaswa kwa brashi yenye maji.

Alafu uzito. Sanamu ya kalibu inamiminwa uji wa udongo, plasta inanyonya maji, ukuta unajijenga mwembamba sawasawa, uji uliobaki unamwagwa. Inakuwa nyepesi kuliko macho yanavyotegemea. Ya kufinyangwa huwa nzito na uzito hauko sawa, upande mmoja unavuta. Utakuta pia kitundu chini au mgongoni, hicho ni cha kutoa hewa, sio ubovu, maana hewa na unyevu vikifungiwa ndani kitu kinapasuka kwenye moto.

Sasa usije ukadharau kalibu. Vyse sanamu zake nyingi za watu zilimiminwa, alifinyanga mfano mmoja akatoa kalibu, alafu kila nakala ikaunganishwa na kupakwa rangi kwa mkono pale pale studio, maua madogo madogo yakaongezwa kwa mkono, idadi ikiwa ndogo. Ni kazi nzuri mno, mashavu ya wale akina mama yana damu ndani yake. Unachotakiwa ni kujua tu: kwa Vyse unaangalia usafi wa rangi na ukali wa sura, kwa Stella Crofts na kwa Robert Wallace unaangalia kile kidole kilichopita mara moja tu duniani. Ukichanganya hivi viwili utalipa bei ya kimoja upate kingine.

Kwa ndege na vishetani vya Martin ongeza kuangalia ngozi. Vilichomwa kwa chumvi. Tanuri likifika joto la nyuzi 1200 na zaidi wanarusha chumvi ndani, inageuka mvuke, ile sodiamu inashikana na silika ya udongo wenyewe na inafanya ngozi ya kioo hapo hapo. Kwa hiyo haikupakwa kwa brashi, na ukiiangalia kwa kioo cha kukuzia ina vinundu kama ganda la chungwa. Mvuke haufiki kila mahali sawa, upande mmoja unang'aa mwingine umefifia, ndani mara nyingi pakavu. Ukikuta mng'ao sawasawa mbele, nyuma, kwapani na ndani, kuwa na wasiwasi. Walikuwa wanawasha lile tanuri mara chache sana kwa mwaka na kila mara kuna vitu vingi vilivyoharibika, ndo maana hata kazi nzuri kabisa inaweza kuwa na ufa wa motoni. Ufa huo glezi imeingia ndani yake, kingo zake laini. Ufa wa kuanguka ni mkali na una uchafu mweusi. Wa kwanza naukubali siku zote, wa pili unanipunguzia bei.

4. Sasa soma jina

Martin walichora kwa mkono kwenye udongo mbichi: jina, mahali, mara nyingi na tarehe mpaka mwezi. Vitu vya mwanzo vina R W Martin peke yake na Fulham au London au Southall, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1880 unaona neno la ndugu limeongezwa, pamoja na London & Southall. Kwa ndege kwa kawaida utakuta maandishi mara mbili, kwenye mwili na kwenye shingo ya kichwa. Tarehe zilingane. Zisipolingana hicho kichwa ni cha ndege mwingine, wameozeshwa tu, na thamani inashuka sana hata kama vyote viwili ni halisi.

Kile kishetani changu cha pauni 350 kilikuwa na jina kamili kabisa. Nilikinunua kwenye maonyesho ya vitu vya kale mji mmoja nje ya London, muuzaji mzee mpole, na furaha yangu siku ile sijui niseme nini. Nyumbani nikaweka kioo cha kukuzia juu ya zile herufi nikaona kingo zake zimelainika, zimejaa, kama maandishi ya sabuni iliyotumika wiki mbili. Hakukuwa na ile kingo iliyoinuka. Jina lilikuwa limenakiliwa pamoja na sanamu nzima ndani ya kalibu! Toka siku ile herufi naziangalia kama ninavyoangalia manyoya, zimekatwa au zimemiminwa, jina lenyewe baadae.

Vyse aliandika C.V. au jina lake, neno Chelsea na mwaka mara nyingi. Parr aliandika Hy Parr Chelsea na mwaka. Tinworth ana herufi zake mbili zimeshikana, na mara nyingi hazipo chini, ziko mbele au ubavuni mwa kitako, kwa hiyo usikate tamaa ukigeuza ukakosa.

Kuhusu kina Stabler kuna mtego. Baadhi ya sanamu zao zilitoka tanuri la nyumbani Hammersmith, na mifano hiyo hiyo baadae ikatengenezwa na viwanda, Doulton walitoa sanamu ya Picardy Peasant kwa mfano. Mfano mmoja, mikono tofauti. Ya nyumbani imeandikwa Stabler, Hammersmith, London. Na kuna mkanganyiko mwingine, yule mama wa maputo wa Vyse wa mwanzoni mwa miaka ya 1920 watu wanamchanganya na bibi muuza maputo wa Doulton aliyebuniwa na Leslie Harradine mwaka 1929, huyo alitengenezwa miaka na miaka, yuko kila duka la hisani. Ukiona tangazo limeandikwa kwa haraka "mama wa maputo wa zamani" omba picha ya chini kwanza.

5. Tafuta palipokarabatiwa

Vidole, ncha za mdomo, masikio, maua, kingo za kofia, hivi ndo vinavunjika. Gusa kwa mdomo au kwa shavu, glezi iliyopita motoni ni ya baridi, rangi ya fundi ni ya vuguvugu kidogo na kama inanata. Zima taa piga tochi ya UV, palipopakwa juu panang'aa tofauti na kwingine. Usikwaruze na pini wala usipake asetoni kitu cha mtu, sio chako bado. Muulize tu muuzaji uso kwa uso, kimekarabatiwa sehemu gani na lini, na kama ni mnada omba ripoti ya hali kwa maandishi. Ukiona kwenye katalogi herufi A/F maana yake kina hitilafu na wanakuuzia kama kilivyo. Wakiandika kwamba ni cha "namna ya" Martin, maana yake sio cha Martin, hata kama picha imekuchanganya moyo.

Kitu kilichokarabatiwa vizuri na kikasemwa wazi mi nanunua bila shida, ndo njia pekee mtu wa kipato changu anaweza kuishi na kazi nzuri.

6. Pesa

Ndege mkubwa wa Martin ni makumi ya maelfu ya pauni, mwangalie V&A ufurahi. Vyse nzima nzuri ni kuanzia mamia mpaka maelfu kidogo. Stella Crofts mdogo, Parr, na wengine wasiojulikana sana bado wanapatikana kwa mamia, na hapo ndo ningeanzia kama ningekuwa naanza leo.

Kwenye mnada bei ya nyundo sio bei yako. Piga hesabu kabla hujainua mkono: nyundo ikigonga pauni 400 na komisheni ya nyumba ya mnada ni asilimia 25, hiyo ni 100, juu ya hiyo 100 kuna VAT ya asilimia 20, ni 20, jumla 520. Kuna nyumba zinachukua zaidi ya asilimia 25 na ukinunua kupitia jukwaa la onlaini wanaongeza komisheni yao. Andika kikomo chako kwenye karatasi uishike mkononi. Kuna mnada nilipita kikomo kwa pauni 90 kwa sababu mtu wa mbele yangu alinigeukia akatabasamu, na swala yule niliyemchukua nampenda lakini mwezi ule ulikuwa mrefu sana.

7. Kubeba na kutunza

Kichwa kinachotoka kinafungwa peke yake, boksi lake peke yake. Boksi ndani ya boksi, katikati nafasi ya vidole vinne kila upande imejazwa vizuri, mikono na mikia unaikinga kwa karatasi laini kabla ya kuzungushia plastiki ya mapovu, ukizungushia plastiki moja kwa moja ndo unavunja. Usipige selotepu juu ya rangi.

Udongo wa moto mdogo kama wa Vyse na wa Crofts usiloweke kwenye maji kabisa, unanyonya kupitia nyufa ndogo ndogo za glezi na madoa yanapanda juu. Rafuni weka vipande vidogo vya nta ya makumbusho (ile laini ya kushikilia kitu kisianguke) chini ya kitako, hasa kama kuna watoto au unakaa karibu na reli. Na anzisha daftari: tarehe, bei yote uliyolipa, ulinunua wapi, picha ya mbele, nyuma, chini na ndani, na risiti ipachike hapo hapo. Vumbi natoa kwa brashi laini ya vipodozi, kutoka juu kushuka chini, na mkono mwingine unakuwa umeshika kitako muda wote. Kwa swala wangu naanzia katikati ya masikio, pana alama ya kidole gumba pale, vumbi linapenda kukaa humo.